Kitanda Kisicho na Kadi

Jumamosi hiyo tulimaliza kuandika kadi. Mimi, Halima wa Kibera, ndimi niliyechaguliwa na metroni, mkuu wa wauguzi, kuongoza mabadiliko wodini. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimewaeleza wenzangu jambo lile lile: kuanzia Jumapili hakuna tena mmoja wa kupima joto, mwingine wa kufunga vidonda, mwingine wa dawa. Kila muuguzi atakuwa na wagonjwa wake, na kadi kitandani itasema ni wa nani.

Sista Agnes wa Kawangware, aliyenizidi miaka kumi kazini, hakuupenda mpango huo.

"Mgonjwa ni wa wodi," aliniambia. "Ukimpa mtu mmoja, wengine watampita tu."

Jumapili nilitoka nyumbani alfajiri. Risasi zilisikika upande wa mjini, na kila redio niliyopita ilipiga muziki wa jeshi, bila mtu wa kuzungumza. Wodini tulifika wawili tu, mimi na Agnes. Wagonjwa walilala wakitazama dari. Hakuna aliyeitisha hata maji.

Nilikuwa na wagonjwa sita. Nikahesabu saba upande wangu.

Wa saba alikuwa mwanamume aliyevaa nguo za hospitali, amejifunika hadi kidevuni. Hakuwa na kidonda. Kitanda chake hakikuwa na kadi. Nilimuuliza jina, akavuta shuka hadi machoni.

Mchana risasi zikakoma. Kimya kile kilinitisha zaidi.

Wanajeshi watatu wakaingia, wakitafuta waasi waliojaribu kupindua serikali. Hawakupaza sauti. Mmoja alipita kitanda hadi kitanda akisoma kadi.

Akasimama.

"Sista, huyu ni wa nani?"

"Hayuko kwenye orodha yangu," nilisema.

Yule mtu aliinuka mwenyewe, akatoka nao miguu mitupu. Nilipogeuka nilimwona Agnes mezani, ameshika kalamu na kadi mpya. Alikuwa ameshaandika jina lake mwenyewe, mahali pa muuguzi. Lilibaki la mgonjwa.

Tulitandika kile kitanda pamoja.

Mpango ulifaulu. Wodi nyingine ziliufuata, nami niliufundisha miaka mingi, kwa sababu ni mzuri kweli. Nilichomjibu mwanajeshi pia kilikuwa kweli. Agnes hakunilaumu hata siku moja, mpaka akastaafu, na mara nyingi nilitamani angenilaumu.

Sijui yule mtu alikuwa amefanya nini, wala walimpeleka wapi. Wiki nzima nilingoja aje mama, au mke, kumuulizia. Hakuja mtu.