Misonobari ya Baba

Baba aliendesha malori maisha yake yote, kati ya Mombasa, Kampala na Goma, na alipostaafu alisema hataki tena kuona lami. Alinunua kilima kikavu kaskazini mwa Kampala, mwendo wa asubuhi moja kutoka nyumbani kwetu Bukoto, akapanda misonobari. Wazee wenzake msikitini walimcheka. Sisi Wanubi, walisema, tunajua jeshi, malori na biashara. Nani kati yetu amewahi kukaa akingoja mti ukue?

Yeye alingoja. Nilikuwa mwanafunzi alipoanza. Niliolewa, nikafiwa na mume, nikarudi kwa baba na watoto wangu, na miti ilikuwa imeshatupita kimo sote. Kaka yangu alikuwa na karakana ya fanicha mtaani Ntinda. Miti iliyopunguzwa ili mingine inenepe ilimpa mbao za vitanda, na matawi yake yakawa kuni zetu. Chini ya kilima palikuwa na chemchemi, na kando yake mama mmoja Mkongo alilima nyanya. Alituambia kuwa tangu miti ishike mizizi, udongo hauteremki tena kumfukia mimea.

Kisha mvua zikaharibika. Za Machi zilichelewa mpaka tukaacha kuziulizia. Za Septemba zilikuja na radi nyingi, zikaondoka mapema. Baba akawa anarudi Bukoto na vitawi mfukoni, anavipanga mezani, majani yake yamekuwa mekundu kama kutu. Bwana misitu alimweleza kwamba mti wenye kiu hauna utomvu wa kutosha kujikinga, kwa hiyo wadudu wanapenya gome bila shida. Akamshauri akate iliyougua. Kaka aliikata, lakini mbao zilikuwa zimetobolewatobolewa, wateja wakazikataa.

Moto ulizuka Januari, saa za mchana. Mpaka leo hatujui ulianzia wapi. Baba alinipigia simu, sauti yake imetulia.

"Njoo na kaka yako," alisema. "Lakini msikimbize gari. Hakuna cha kuokoa."

Tulimkuta ameketi chini, yule mama Mkongo akimmwagia maji mikononi. Walikuwa wamepambana na moto kwa magunia yaliyoloweshwa hadi gunia la baba likashika moto na kumuunguza vidole. Nyuma yao mashina yalisimama meusi, utomvu bado unachemka na kutoa povu kwenye nyufa. Kaka aligusa shina moja, akaondoa mkono haraka, akaenda kusimama peke yake kando ya gari.

Mvua tuliyoiomba ilikuja baada ya hapo, yote kwa mkupuo. Kilima hakikuwa na kitu cha kuizuia. Udongo uliporomoka, ukafukia chemchemi na shamba zima la nyanya. Mama Mkongo alinipigia mimi, kwa sababu baba alikuwa ameacha kupokea simu. Hakulalamika. Alitaka tu kujua kama mzee atapanda tena, ili ajue kama abaki au aondoke.

Nilimpelekea baba swali hilo barazani. Vidole vyake vilikuwa vimepona vikiwa vimejikunja.

"Mwambie aondoke," alisema. "Mimi nilipanda kwa mvua niliyoijua. Hii ya sasa siijui."

Basi yule mama akaondoka. Siku hizi anakaanga mihogo mtaa wa Kabalagala, mbele ya baa, na analala chumba kimoja na binti zake. Kaka alifunga karakana, sasa anaendesha bodaboda. Baba hakukanyaga tena kule kilimani. Alifariki kabla ya Ramadhani iliyofuata.

Kilima tumejaribu kukiuza, hakuna anayekitaka. Mara ya mwisho nilipokwenda na kaka, jua lilikuwa kali na hapakuwa na kivuli hata cha kuweka chakula. Tulikula ndani ya gari, milango wazi, tukarudi mjini.