Beji ya Jiwe ya Nyasani

Kule Nyansiongo hakuna aliyemwita Nyasani kwa jina alilopewa na babake. Walimwita Elfu na Mia Sita, kwa sababu ya namba ya kromu iliyong'aa mbele ya baiskeli yake: 1600. Watoto walidhani ndiyo bei. Wanawake walidhani ndiyo mbio zake. Mwenyewe akiulizwa alikohoa kama karani, akasema, "Hicho ni cheo."

Ukweli aliujua yeye na shemeji yake wa Tabaka. Namba ile ilitoka kwenye buti la gari dogo jekundu la mashindano, MGA, viti viwili tu, ambalo mzungu mwenye shamba aliliacha mwaka wa sitini na tatu. Nyasani ndiye aliyekuwa akiliosha. Juma moja baada ya mzungu kuondoka, alikuwa analisugua kwa jivu, vile mkewe Bosibori husugua sufuria, beji ya nyuma ikamwangukia mkononi. Mtu mwingine angeirudisha. Nyasani aliitazama beji, akaitazama baiskeli, akaona Mungu ameshaamua. Shemeji akachonga nyingine kwa jiwe laini la kwao, wakaipaka rangi ya fedha iliyobaki kwenye mabati ya kanisa, wakaibandika kwa gundi. Hata wao wenyewe waliipenda.

Shamba lilipokatwa vipande, nyumba, banda na gari vikamwangukia Obwocha, mzee wa kanisa la Wasabato. Obwocha hakujua kuendesha hata toroli, basi akamweka Nyasani alinde gari. Na Nyasani alilinda. Miaka tisa hakuna kuku aliyetaga kwenye kiti, wala kifuniko cha gurudumu hakikugeuzwa bakuli la kunyweshea ndama.

Mwaka wa sabini na mbili daktari mmoja wa Kisumu akasikia habari za gari hilo. Alilitaka, kwa sharti moja: beji zote za nje ziwe zile zile za kiwandani.

"Omogaka," Obwocha akamwambia Nyasani, akimwita mzee kwa Kikisii, "gari likikubaliwa, yule mtamba wangu wa gredi, wa mbegu ya kizungu, aliye karibu kuzaa, ni wako."

Nyasani hakulala. Ng'ombe wake wa kienyeji alitoa maziwa ya kikombe kimoja, tena kwa kubembelezwa. Bosibori akaosha ndoo kabla mtamba hajafika.

Daktari alimtuma fundi wake, Odero, akafika Ijumaa alasiri na daftari lenye michoro. Nyasani aliegemeza baiskeli kwenye ua, akaifunika namba kwa koti. Obwocha alikuwa akipima kwa vidole jua limebakiza kiasi gani kabla ya kuzama.

"Fundi, fanya haraka. Sabato ikiingia, hapa hakuna kazi."

"Mzee, mimi natazama tu."

"Kutazama pia ni kazi. Inategemea unatazama nini."

Odero akaanza mbele. Beji ya pembe nane kwenye grili, ule wavu wa mbele, akaifuta kwa mate, akaitikia kwa kichwa. Zile za 1600 za ubavuni akazigonga kwa ukucha: ting, ting. Akazunguka nyuma, akagonga. Ko.

Akagonga tena. Ko.

Akaikwaruza kwa msumari, ukatoka unga mweupe. Akaunusa. "Kumbe huko Uingereza wanachimba mawe ya Tabaka?" Akafungua buti, akaingiza kichwa. "Za kiwandani zina miguu miwili inayopita kwenye bati. Hapa kuna matundu mawili na gundi. Beji imetoroka." Akafunga daftari. "Nyinyi Wakisii, siku moja mtachonga injini. Daktari hataki hii."

Obwocha akamgeukia Nyasani. "Miaka tisa ulikuwa unalinda nini?"

Nyasani akamtazama mtamba, aliyekuwa akicheua pale uani bila wasiwasi wowote. Akinyamaza, amemkosa. Akisema, pengine amemkosa vilevile, na jina lake la namba pia. Akaenda kwenye baiskeli, akaondoa koti, akafungua waya ulioishika namba.

"Haikutoroka," akasema. "Ilikuwa likizo."

Odero alicheka mpaka akashika gari. Akabandua jiwe, akasafisha matundu, akaingiza beji. Miguu ikaingia kama inarudi kwao. Akaandika kwenye daftari: zote sawa.

"Mwizi hapewi ng'ombe!" Obwocha akafoka.

"Omogaka, tazama trekta zote walizoziacha wazungu. Kila kilichong'aa kilienda na watu. Hii nimeibeba mpaka kanisani kila Sabato, nikaiegesha mlangoni unaposimama kusalimia waumini. Nani huiba hivyo? Na wewe ulikuwa ukitazama wapi?"

"Hapo amekushika, mzee," Odero akasema.

Obwocha akainua vidole. Akatazama kilimani: jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja, na kesi hii ingechukua vidole vitano. Ugomvi nao ni kazi.

"Chukua mtamba wako, uondoke hapa jua likiwa bado lipo!"

Nyasani aliondoka mbio, kamba mkono mmoja, baiskeli mkono mwingine, jiwe mfukoni.

Jumapili akalibandika kwenye baiskeli. Mvua za Nyansiongo zikaondoa rangi ya kanisa kabla mwezi haujaisha, namba ikabaki nyeupe kama meno ya bandia. Watu wakauliza kulikoni.

Nyasani akakohoa. "Cheo ni kile kile," akasema, ndoo ya maziwa ikining'inia kwenye usukani. "Nimestaafu tu."