Mikeka Miwili ya Mantiki, Tanga hadi Brussels

Nilitoka Tanga kwenda kumrudisha Rukia, na sikuficha. Nilimwambia kila aliyeniuliza, kuanzia muuza maandazi wa mtaani kwetu mpaka askari wa uwanja wa ndege: nakwenda Ubelgiji kumchukua mwanafunzi wangu. Mimi nafundisha mantiki, elimu ya kupanga hoja, kwa wanawake na wasichana, barazani kwangu baada ya alasiri. Babu alinifundisha mimi, mimi nikamfundisha Rukia, na magoti yangu siku hizi yamekwisha kugombana na mkeka. Darasa lilitaka mrithi. Mrithi alikuwa Brussels anamalizia udaktari wake wa falsafa, na chuo kilikuwa kimemwahidi kazi akifaulu. Hiyo ahadi ya chuo mimi niliisikia kwa sikio moja tu.

Niseme kidogo juu ya darasa letu. Wanafunzi wawili hukaa kwenye mikeka miwili. Mmoja hutoa dai, mwingine humhoji. Neno la kwanza ninalowafundisha ni "Sikubali, lete hoja," na lisemwe bila kupandisha sauti. Mabishano yakiisha, hubadilishana mikeka, kila mmoja autetee upande aliokuwa akiupinga, na autetee kwa moyo wake wote. Hapo ndipo wengi hulia. Babu aliniambia kwamba mkeka wa kwanza unanoa akili na wa pili unanyoosha nafsi. Kwake yeye mantiki na tasawufi, ile njia ya kuusafisha moyo mpaka umjue Mola, vilisomwa chumba kimoja na mwalimu mmoja.

Brussels nilifika asubuhi, baridi ikiniuma hadi kwenye meno. Rukia alikuwa ananisubiri na koti mkononi.

"Shikamoo, Bi Mwalimu."

"Marahaba. Umekonda."

"Sikubali. Lete hoja."

Nikamkumbatia palepale, watu wakitupita na mabegi yao.

Evere, kitongoji cha Brussels, ndiko alikopanga chumba, kwa mama mmoja wa Kikongo kutoka Bukavu, Maman Odette, ambaye kazi yake ni kutunza wazee majumbani. Alitupokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Karibu maman! Alors, njo weye ule mwalimu? Huyu mutoto anakusemaka kila siku. Hata nikisema sombe iko tamu, ananiambia lete hoja!" Kisha akanivuta jikoni. "Angalia hii sufuria. Nilinunua mupya juu yako. Nguruwe haiyapitaka humu."

Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, hatujawahi kuonana, na amenunua sufuria kwa ajili yangu. Nilikula sombe, kisamvu cha kwao, mpaka nikaona aibu.

Kesho yake tulipanda basi hadi kituo cha treni cha Gare du Nord, tukapita chini ya yale majengo marefu ya ofisi, tukachukua treni ya kwenda Etterbeek, kilipo chuo chake. Rukia alipitia karatasi zake njia nzima. Tasnifu yake ilikuwa inatetewa hadharani siku hiyo, na katika jopo la maprofesa alikuwamo mzee mmoja ambaye Rukia alimwogopa kuliko wote, padri mstaafu aliyeishi Kivu, mashariki mwa Kongo, miaka mingi.

Ukumbini kila kitu kilikuwa Kifaransa. Maman Odette alikaa ubavuni mwangu akininong'oneza.

Rukia alisimama wima. Alieleza jinsi mantiki ya Wayunani ilivyotafsiriwa kwa Kiarabu kule Baghdad, na jinsi wanafalsafa walioipokea walivyoifumua na kuisuka upya hadi ikawa yao. Akafika kwa mabwana wa Uajemi waliofundisha hekima ya nuru, wale waliomtaka mwanafunzi aimalize mantiki kwanza ndipo aingie faragha ya ibada. Dai lake lilikuwa moja: watu hao hawakuiacha mantiki mlangoni, waliingia nayo ndani.

Padri akainua mkono, akasema kwa kirefu.

"Anasema donc, ya akili na ya roho haiwezi kulala nyumba moja," Maman Odette akaninong'oneza. "Anasema bale bantu walichoka na hoja, njo wakakimbilia kuonja Mungu."

Rukia akamjibu kwa mfano wa mchuzi. Mmoja kamwona mpishi akitia chumvi, basi anajua kwa hoja kwamba chumvi imo. Mwingine kaonja. Aliyeonja hakumkanusha aliyeona, na bila hoja angeweza kuonja ndimu akaapa ni chumvi. Mfano huo ni wa barazani kwangu! Nilitaka kusimama nipige kigelegele, Maman Odette akanishika kanga.

Padri hakuridhika. Sura ya mwisho ya tasnifu ilidai kwamba kubadilishana pande kulikuwa dawa ya nafsi, mahali mantiki na tasawufi zilipokutana. Akauliza, nani anafanya hivyo leo? Umesoma wapi?

"Sikusoma," Rukia akasema. "Nilikaa mkekani." Kisha akaomba ruhusa achukue upande wa padri.

"Maman!" Odette akashtuka. "Anamusaidia adui! Anajiua!"

"Nyamaza, sikiliza."

Aliutetea upande wa padri kuliko padri mwenyewe.  Yule mzee akacheka, akavua miwani, naye akajaribu upande wa Rukia. Alianza vizuri, akakwama, akaanza tena, mwisho akakiri kwamba ili amtetee msichana huyu imembidi kwanza aweke kiburi chake chini. Akajisikia alivyosema, akavaa tena miwani. Sura ya mwisho ilikuwa imethibitishwa na mpinzani wake.

Walimpa udaktari kwa sifa. Padri alinifuata, akaniambia kwa Kiswahili cha Kivu: "Maman, mutoto yako alinishinda mara mbili. Kwa kiti yake, na kwa kiti yangu." Nilijivuna, na sioni haya kusema. Nilijivuna kwa ajili ya Rukia, kwa ajili ya babu, na kwa ajili ya baraza letu lenye sakafu ya nyufa.

Jioni, Evere, tukiwa mezani, nikasema: "Sasa funga mizigo. Darasa halina mrithi."

"Bi Mwalimu, nikiondoka, elimu yetu hapa itafundishwa na walioisoma tu. Hawajawahi kuikalia."

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Maman Odette akagonga meza. "Bon! Mulisema mutu anabadilisha kiti. Badilisheni!"

Nikaona nimenaswa. Nikakaa kiti cha Rukia, nikavuta pumzi, nikautetea upande wake kama inavyotakiwa, kwa moyo. "Bi Mwalimu," nilimwambia, yaani nilijiambia, "umefundisha wasichana miaka yote hiyo. Kama ni mimi peke yangu ninayeweza kukaa mahali pako, basi hao wengine ulikuwa unawafundisha nini?"

 Rukia, kwenye kiti changu, alikuwa analia.

"Zamu yako," nikamwambia. "Jibu."

"Sina mrithi, ndiyo," akasema kwa sauti yangu. "Lakini si hilo. Nataka urudi kwa sababu nimekuzoea, na nyumba imekuwa kubwa."

Hiyo ndiyo hoja niliyoificha tangu Tanga, na yeye kaitoa mbele ya mgeni. Nililia na mimi. Maman Odette akatuletea chai nyingine.

Nilirudi Tanga peke yangu. Barazani wasichana walinizunguka: "Umemleta?"

"Sikumleta. Kule nako wanamhitaji." Nikamtafuta kwa macho Mwanajuma, yule anayebisha hata salamu. "Njoo ukae kwenye mkeka wangu."

Mimi nikashuka kwenye mkeka wa wanafunzi, magoti yakilalamika, nikatoa dai: "Rukia ndiye mwanafunzi bora niliyepata kumfundisha."

Mwanajuma alinyoosha mgongo. Hakupandisha sauti.

"Sikubali, Bi Mwalimu. Lete hoja."

Niliitafuta, nikaikosa, na sijawahi kufurahi vile.