Sauti za Angani Zilizofika Machame

Jamani, ni mimi yule mwalimu wa fizikia niliyetangaza kwamba anga la kaskazini limeongea na Machame. Kule karibu na ncha ya dunia, anga hung'aa lenyewe usiku na kutoa mawimbi ya redio. Ukiyageuza kuwa sauti, hulia kama vifaranga. Profesa mmoja aliniachia redio maalumu nisikilize kama yanafika huku kwetu. Niliiweka stoo kwa mama, nikapiga marufuku mtu yeyote kunisemesha nikisikiliza.

Wiki tatu nzima, kimya. Wiki ya nne, pii, pii, pii! Nilijaza madaftari mawili, nikamwandikia Profesa. Alikuja mbio kutoka Dar, na mkuu wangu wa shule akavaa tai.

"Sikilizeni wenyewe," nilisema, kifua mbele.

Pii, pii, pii.

Profesa alitega sikio, akanyoosha mkono, akazima redio.

Pii, pii, pii.

Mama akaingia na bakuli la pumba.

"Shikamoo mama," Profesa alisema taratibu.

"Marahaba, baba." Akainama, akafunua gunia chini ya meza yangu. "Mwalimu, leo utaniruhusu niseme? Hawa hawajala tangu asubuhi."