Mshika Taa wa Mbele

Katika ziwa letu huku Kyerwa, mtumbwi wa usiku lazima uwe na taa mbele. Yangu ilikuwa taa ya betri. Betri zilikuwa zinalegea ndani, kwa hiyo nilizifunga pamoja kwa uzi wa mgomba zisichezecheze.

Usiku ule nilikuwa namrudisha bibi kutoka matangani. Katikati ya ziwa taa ilififia, ikawa nyekundu, ikazima. Niligonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, nikaita, lakini nina sauti ndogo. Mtumbwi wa baba mdogo, ambaye naye huvusha watu, ukatokea ng'ambo ukatugonga. Bibi akaanguka majini. Nilimvuta kwa khanga yake, mkono wake ukiwa umeshavunjika.

Asubuhi nilifungua taa. Ndani mlikuwa na betri kuukuu zilizovuja, bila uzi. Aliyekuwa ameiazima taa ile ni baba mdogo peke yake, eti akamwangalie ng'ombe anayezaa.

Sikumwambia mtu. Jumapili nilikaa nyuma yake kanisani, nikaitazama shingo yake ibada nzima. Sala sikuisikia. Nilitaka aaibike, tena watu wakiwepo.

Kikao kikaitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Baba mdogo alieleza kwamba mimi ni mzembe, nisivushe tena watu usiku. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Nilijua nikinyamaza, mtumbwi alioniachia marehemu baba utaozea kwenye mafunjo. Yeye, ili watu waone taa inavyotunzwa, akaiweka yake mezani.

Nilisimama, nikaichukua, nikaanza kufungua kifuniko.

"Mwanangu, weka chini hiyo," alisema taratibu. "Ya nyumbani tuyamalize nyumbani."

Uzembe wangu hakuwa ameutangazia nyumbani. Nikamimina betri mezani. Zilikuwa zimefungwa.

Bibi, ambaye ndiye mama mzazi wa baba mdogo, alizitazama, mkono ukining'inia kwenye kitambaa.

"Uzi huo nimeusokota mimi," alisema. "Ungeufungua kwanza, mjinga wewe."

Watu walicheka. Nami nilicheka, na sikuona haya.

Kikao kikaamua baba mdogo asivushe mtu usiku. Badala yake akae mbele kwenye mtumbwi wangu, ashike taa, mpaka bibi mwenyewe aseme amepona.

Taa huita mbu na kila mdudu wa mafunjo. Wanamjaa masikioni na shingoni, naye hawezi kujipiga, mikono yote miwili imeshika taa. Huniomba nikaze kasia. Namjibu, "Ndiyo, baba mdogo," kwa heshima zote, kisha napunguza.

Juzi nilimkuta bibi shambani akipalilia maharage kwa mikono miwili, jembe likiingia vizuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Kuhusu mkono hakusema kitu, nami sikumuuliza.