Mito Iliyofungiwa Stoo

Naikumbuka hata leo, mwanangu, ile siku Kombo alipoingia ukumbini ananukia udi kama mtu anayekwenda kuoa.

Tulikuwa kwenye ukumbi mmoja huku Bofu, Likoni, sisi wa viti vya magurudumu, tunajifunza tenisi ya meza. Mimi na Kombo tulikuwa wakwezi wa minazi, na sote wawili minazi ilitutupa. Mimi ulinitupa mnazi wa Mwinyihaji, aliyenipandisha mvua inanyesha kwa kuwa mnunuzi wake anangoja madafu. Namtaja. Yuko hai, na mlango wangu anaujua. Tangu siku ile, kiunoni kwenda chini sina habari. Ukinichoma sindano huko, utachoka wewe.

"Bwana harusi!" nikamwita Kombo. "Leo unaposa nani, hii meza?"

"Naposa dadako. Anzisha mpira, wacha maneno."

Alikuwa akitupiga sote. Mchezo wetu wa kukaa una sheria yake: mpira wa kuanzia lazima utokee nyuma ya meza, pale alipo mwenzio. Ukichepukia ubavuni unarudiwa, maana mtu wa kiti hawezi kuukimbilia. Kombo aliuleta wake mrefu, umenyooka, unakupiga tumboni kabla hujainua raketi. Hata wale ambao vidole havishiki, tunaowafunga raketi mkononi kwa bendeji, hakuwaonea huruma. Nao walimpenda kwa hilo.

Wafadhili walikuwa waje kuchagua watakaokwenda kucheza Nairobi. Kombo aliitaka nafasi ile mno, kwani tangu aanguke hakutoka Likoni ila kwenda hospitali. Akawa anashinda mezani toka asubuhi hadi magharibi, amekalia ubao mtupu wa kiti chake.

Na mito ilikuwepo! Hapa namtaja Athumani Mwachiti, mwenyekiti wa ukumbi. Wageni hao hao walituletea mito ya viti, minene, ya kutukinga na vidonda vya kukaa. Mwachiti akaifungia stoo na nailoni zake. Kila tukimuomba, jawabu ni moja: "Mtaichafua. Ngojeni wageni waje waikute mipya."

Aliyekuwa akitufundisha ni Bi Mwanasiti wa Mjambere, mama mtu mzima, anatembea kwa magongo tangu utotoni. Siku hiyo alipoingia, Kombo akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akasimama karibu naye, akanusa. "Udi huu unafunika nini?"

"Hee, mama! Hata kunukia ni kosa?"

Sisi tukacheka. Yeye hakucheka, akatugeukia. "Nani humtazama huyu mgongo?"

Tukainamia raketi zetu.

"Mnafundishana mpira, ngozi hamtazamani? Haya zenu hizi zitamzika mtu."

Kweli tulikuwa na haya. Huku kwetu mwanamume hamvulii nguo mwenzake, na Kombo alikuwa akiishi na dada yake tu. Angemwambia vipi amtazame matako? Tukamwingiza chumba cha nyuma, tukamlaza. Nguo ilikuwa imegandana na nyama. Yeye mwenyewe hakuhisi kitu, wala macho yake hayafiki huko. Harufu tu ndiyo aliyoijua.

"Kwani ni kikubwa?" akaniuliza.

Nikamwita Bi Mwanasiti.

Alilazwa hospitali, lakini sumu ilikwisha ingia damuni. Wageni walipokuja, Mwachiti alitandika mito, tukapigwa picha. Walipoondoka akaikusanya. Kombo akafa bila kujua nani alichaguliwa.

Matangani Mwachiti alisimama, akasema ni kudra ya Mungu. Wallahi, nilimjibu mbele ya watu: Mungu hakuifunga ile stoo kwa kufuli, funguo zi mfukoni mwako. Wakaninyamazisha, eti matanga si mahali pa ugomvi. Hadi leo ndiye mwenyekiti.

Basi wewe, mwanangu, unayeuanza mchezo huu, usiniulize raketi ipi nzuri. Raketi baadaye. Tafuta mto kwanza, na ukiukosa usicheze, hata wakuite mwoga. Mpira ukiwa unachezwa usijinyanyue kitini, refa atakukata pointi. Lakini mchezo ukisimama, shika magurudumu, inua matako yapumue. Mtafute mtu mmoja usiyemwonea haya, akutazame kila jioni kwenye mwanga, naye akikwambia kuna wekundu, lala kifudifudi siku hizo hata kama kesho ni fainali. Na anayekufungia kitu chako, mtaje ukiwa hai. Mimi Mwachiti nilimtaja Kombo akiwa keshazikwa, na halikusaidia neno.

Mungu akupe mkono mwepesi na mshindani asiyekuhurumia. Akupe na mtu wa kukutazama mgongo. Urudi nyumbani na ngozi yako nzima. Amina.