Pumzi ya Elia

Mchana mmoja wa baridi haunitoki kichwani, mwanangu. (Usicheke. Nina miaka kumi na saba na ndevu chache, lakini wewe una tisa, na mdogo asiyetulia kama wangu, kwa hiyo mzee hapa ni mimi.) Tulikuwa hapa Marekani, mjini Columbus, kwenye apatimenti yetu ya Northland. Mama amerudi kutoka zamu ya usiku na amelala chumbani. Mdogo wangu Elia amesinzia kwenye zulia la sebuleni, jua limemwangukia usoni.

Alikuwa anapumua kama mtu anayeburuta kabati. Halafu akaacha. Sisemi alipunguza, aliacha kabisa. Hata friji ilinyamaza. Nikasimama na mkate mdomoni, nangoja. Mara pumzi ikarudi kwa kishindo, macho yake yakafunguka yakaniangalia, na mle ndani hamkuwa na mtu.

Nilimwamsha mama nikamwambia. Akasema niache utani. Ndiyo faida ya kuwachekesha watu kila siku.

Elia ana ADHD. Daktari alishatueleza: kutulia na kusikiliza ni kazi ngumu kwake. Hilo tulilizoea. Lakini msimu ule alibadilika. Chini ya macho paliingia weusi kama amepigwa. Shuleni alilia bila sababu, alisukuma wenzake. Na kila mara alisugua pua kwa kiganja, kutoka chini kwenda juu, mkono ukaishia hewani.

Mama Debora, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, aliuona ule mkono. "Anasalimia nani kule juu?" akauliza kwa sauti ndogo. Nami niliangalia dari, mwanangu. Hata wewe ungeangalia.

Basi ikaamuliwa: kila Ijumaa Elia apelekwe kwenye kesha, aombewe mpaka alfajiri. Kila Jumamosi alirudi na hali mbaya zaidi, nao wakasema roho inapigana. Mwishowe wakapanga kumpeleka mji wa Buffalo kwa mtumishi mmoja wa Mungu, akafungishwe kula huko mpaka roho ichoke. Mtoto wa miaka saba, mwembamba kama waya wa chaja. Mimi niliogopa atakayechoka kwanza ni yeye.

Wiki ile ile ya safari akafika Koko, mama yake mama, kutoka Louisville, na Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa. Hakukemea kitu. Mchana aliketi zuliani, akaweka sikio kifuani kwa Elia aliyelala. Pumzi ikaenda, ikakatika. Koko naye akabana yake. Iliporudi, akawaita mama na Mama Debora kutoka jikoni.

"Bon. Huyu pepo yenu iko na makamasi?"

"Mama, usicheze na mambo ya rohoni," Mama Debora akasema.

"Sichezi. Pua imeziba, mtoto hapumui, halali. Donc nyinyi munamupeleka kesha! Munipeleke mimi kila Ijumaa, mutaniona napanda ukuta." Akamgeukia mama. "Daktari hakukuuliza juu ya usingizi?"

Mama akaangalia miguu yake. "Aliuliza."

"Ukajibu nini?"

"Nilisema iko sawa tu."

Hapo ndipo baridi ilinipanda mgongoni kweli. Maana sote tunajibu hivyo. Daktari, mwalimu, mwenye nyumba: iko sawa. Tunaogopa tukisema mtoto halali, watu wa serikali watakuja kumchukua. Hofu hiyo ndiyo nusura imchukue.

Buffalo hatukwenda. Mama alirudi kliniki na mkalimani, akasema yote: kukoroma, pumzi inayokatika, hata kesha. Wakakuta ana aleji ya vumbi, na nyama nyuma ya pua zimevimba. Akapewa dawa, akapimwa usingizi, zulia likatolewa. ADHD haikuondoka, nisikudanganye. Bado anaruka juu ya makochi. Ila sasa ukimwita, anayegeuka ni Elia.

Kwa hiyo nisikilize mimi mzee wako. Mdogo wako asiyetulia akizidi ghafla, usimwogope, wala usimcheke. Keti karibu naye akilala, usikilize. Wakubwa wakienda kwa daktari, nenda nao, wewe ndiye mwenye Kiingereza. Mama akisema iko sawa na si sawa, sema wewe. Atakununia njiani kote, mwache anune. Maombi yaendelee, lakini mtoto alale.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe pua wazi na usingizi mzito, na kila utakayeinamia kumsikiliza, pumzi yake irudi.